Usaili wa kazi ya msaada wa TEHAMA nchini Tanzania

Usaili wa kazi ya msaada wa TEHAMA ni utaratibu ambao mwajiri huutumia kumpata mtu wa kuwasaidia wafanyakazi au wateja wanaokwama katika kutumia kompyuta, mitandao na mifumo ya kielektroniki. TEHAMA ni kifupi cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Nchini Tanzania usaili huo huweza kuwa na sehemu tatu: mtihani wa kuandika, mtihani wa vitendo na mahojiano ya ana kwa ana.

Kazi ya msaada hutofautiana na kazi nyingine za kompyuta, kama vile kutunga programu, kwa kuwa kila siku humkutanisha mtaalamu na mtu aliyekwama, mara nyingi mwenye haraka na asiyejua istilahi za kompyuta. Kwa sababu hiyo usaili hupima mambo mawili kwa pamoja: mpangilio wa mwombaji katika kutafuta chanzo cha hitilafu, na namna anavyozungumza na mtu mwenye shida. Mwombaji aliyekariri maana za maneno peke yake anaweza kufaulu mtihani wa kuandika, kisha akashindwa katika sehemu zinazofuata.

Kazi yenyewe

Waajiri wa wataalamu wa msaada ni pamoja na wizara, halmashauri, hospitali, vyuo, benki, kampuni za simu na mashirika yasiyo ya kiserikali. Katika utumishi wa umma nafasi ya kuanzia kwa wenye shahada hutangazwa kwa jina la Afisa TEHAMA Daraja la II. Katika kampuni za simu na benki kazi inayokaribiana nayo hufanyika kwenye kituo cha huduma kwa wateja, ambako msaada mwingi hutolewa kwa simu.

Kazi hii haipo mijini tu. Mfano ni Inyonga, mji mdogo ambao ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Wakazi wengi wa Inyonga hutegemea kilimo, hasa mahindi na tumbaku, pamoja na ufugaji wa nyuki. Hata hivyo ofisi za wilaya kama hiyo hutumia mifumo ileile inayotumika Dodoma na Dar es Salaam: GePG kwa kupokea mapato ya serikali, MUSE kwa malipo, na NeST kwa ununuzi wa umma, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023. Vituo vya afya na shule hutumia FFARS kwa hesabu zao, na hospitali nyingi za umma hutumia GoT-HoMIS kwa kumbukumbu za wagonjwa.

Mfumo wa namna hii ukisimama, athari huonekana mara moja. Mgonjwa hubaki kwenye foleni, mzabuni hukosa malipo yake, na ushuru hauwezi kupokelewa. Katika mji mkubwa fundi mwingine yuko mtaa wa pili; katika wilaya ya pembezoni mtu wa TEHAMA anaweza kuwa peke yake. Jopo linapouliza maswali huwa linajaribu kujua kama mtu aliyeketi mbele yake anaweza kuachiwa ofisi ya namna hiyo.

Tangazo na maombi

Ajira nyingi serikalini huratibiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Maombi hutumwa kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Ajira Portal, ambamo mwombaji hufungua akaunti yake na kupakia vyeti na barua. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutolewa kwenye tovuti ya Sekretarieti pamoja na tarehe, saa na mahali.

Tangazo la kazi ndilo waraka wa kwanza wa kujifunzia. Sehemu ya majukumu huorodhesha kazi zitakazofanywa, kwa mfano kufunga na kutunza vifaa, kusimamia mtandao wa ndani, kutoa mafunzo kwa watumiaji na kutunza nakala rudufu. Njia nzuri ya kujiandaa ni kuchukua kila jukumu na kuligeuza kuwa swali. Jukumu la "kutunza nakala rudufu" huzaa maswali kama haya: nakala huchukuliwa mara ngapi, huwekwa wapi, na mtu atajuaje kwamba inafanya kazi? Jibu la swali la mwisho ni kwamba nakala isiyowahi kujaribiwa kurudishwa haiwezi kutegemewa.

Sekretarieti ya Ajira haitozi ada kwa mtu kuomba kazi wala kufanya usaili. Mtu anayepiga simu kudai fedha ili "kupitisha jina" ni tapeli.

Nyaraka

Wapo wasailiwa wanaorudishwa mlangoni kabla ya kuulizwa swali lolote, kwa sababu ya nyaraka. Matangazo ya wito kwa kawaida humtaka kila msailiwa afike na vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita kwa waliokisoma, na cheti cha stashahada au shahada. Karatasi za matokeo ya kidato cha nne au cha sita, matokeo ya muda na barua za kuthibitisha matokeo huwa hazikubaliki badala ya cheti.

Msailiwa huhitaji pia kitambulisho. Vinavyotajwa mara nyingi ni kitambulisho cha Taifa, cha mpiga kura, cha mkazi, cha kazi, leseni ya udereva, hati ya kusafiria, au barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Waliosoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika: NECTA kwa elimu ya sekondari, NACTVET kwa elimu ya ufundi na vyuo vya kati, na TCU kwa vyuo vikuu.

Jambo linalowasumbua wengi ni majina yasiyolingana. Mtu aliyeandikwa majina mawili kwenye cheti cha kidato cha nne na matatu kwenye cheti cha chuo, au aliyebadili jina, anapaswa kuwa na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Cheti kilichopotea nacho huhitaji taarifa ya polisi na maombi kwa taasisi iliyokitoa. Mambo haya huchukua siku nyingi, wakati wito wa usaili hutolewa siku chache kabla. Kwa hiyo nyaraka hushughulikiwa wakati wa kuomba kazi, si baada ya kuitwa.

Sehemu za usaili

Mtihani wa mchujo huandikwa, na kwa baadhi ya kada hufanyika kwa kompyuta. Namba ya mtihani huonekana kwenye akaunti ya mwombaji, naye hutakiwa kuinakili mapema. Maswali hugusa misingi: sehemu za kompyuta na kazi zake, mifumo endeshi, mitandao, usalama na kanzidata. Mambo yafuatayo ni ya msingi kiasi kwamba mtaalamu wa msaada hutarajiwa kuyafahamu bila kufungua kitabu:

- Anwani ya IP ya toleo la 4 ina biti 32, na anwani ya MAC kwa kawaida ina biti 48.
- Anwani zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168 hutumika ndani ya mitandao binafsi.
- Seva ya DHCP hugawa anwani kwa kompyuta. Seva ya DNS hugeuza jina la tovuti kuwa anwani.
- Mlango namba 80 ni wa HTTP, 443 wa HTTPS, 53 wa DNS na 22 wa SSH.
- Kebo ya shaba ya mtandao isizidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa.

Mtihani wa vitendo humtaka msailiwa afanye kazi mbele ya msimamizi. Anaweza kupewa kompyuta isiyowaka, kuambiwa aweke mfumo endeshi, aunganishe printa kwenye mtandao au afunge kichwa cha kebo. Kwa mpangilio wa T568B nyaya nane hufuatana hivi: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, na kahawia. Kabla ya kufungua kompyuta, msailiwa huzima na kuchomoa waya wa umeme, kisha hugusa sehemu ya chuma ya kasha ili kuondoa umeme tuli. Hatua hiyo ndogo humwonyesha msimamizi kwamba mtu huyu amewahi kushika vifaa.

Mahojiano hufanyika mbele ya jopo la watu kadhaa. Mwanzoni msailiwa hutakiwa kujieleza kwa ufupi. Kujieleza kunakofaa hutaja elimu, mafunzo kazini au kazi aliyoifanya, na jambo moja au mawili aliyoyatatua, na hakuhitaji kuzidi dakika mbili. Historia ya familia haihitajiki. Kwa kuwa istilahi nyingi hufundishwa chuoni kwa Kiingereza ilhali watumiaji wengi huzungumza Kiswahili, ni vizuri msailiwa ajizoeze kueleza jambo lilelile kwa lugha zote mbili.

Mpangilio wa kutafuta hitilafu

Swali linalojitokeza zaidi katika usaili wa kazi hii huanza na maneno kama "Mtumiaji anakuambia kwamba…". Jopo halitafuti jibu moja la haraka. Linatafuta hatua, na mpangilio unaotumika kwa kawaida ni huu:

1. Kusikiliza na kuuliza: tatizo limeanza lini, ujumbe gani umetokea kwenye skrini, na nini kilibadilika kabla yake.
2. Kupima ukubwa wa tatizo: ni la mtu mmoja, chumba kimoja au ofisi nzima.
3. Kuanza na sababu rahisi: umeme, kebo, karatasi, nenosiri.
4. Kubadili jambo moja kwa wakati na kuangalia matokeo. Anayebadili mambo matatu kwa mpigo hatajua lipi lililoponya.
5. Kuthibitisha na mtumiaji mwenyewe kwamba anaweza kuendelea na kazi.
6. Kuandika tatizo lilikuwa nini na lilitatuliwaje, au kulipeleka ngazi ya juu likizidi uwezo.

Mfano wa kwanza ni wa mtandao. Karani anasema intaneti haipo. Msailiwa mwenye mpangilio huanza kwa kuuliza kama wenzake wanaipata. Ikiwa wote hawaipati, kompyuta ya karani haina kosa, na uchunguzi huhamia kwenye swichi, ruta au mtoa huduma. Ikiwa ni yeye peke yake, huangaliwa kebo na taa za mlango wake, kisha anwani ya IP ya kompyuta. Kwenye Windows anwani inayoanza na 169.254 ni ishara kwamba kompyuta haikupata anwani kutoka kwa DHCP. Anwani ikiwa sawa, hutumika amri ya ping kujaribu kuifikia ruta, halafu anwani iliyo nje ya ofisi. Ikiwa anwani ya nje inajibu lakini tovuti haifunguki kwa jina lake, DNS ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kwa njia hii kila hatua huondoa sehemu moja ya mashaka.

Mfano wa pili ni wa printa isiyochapisha. Haraka humwelekeza mtu kuondoa programu ya printa na kuiweka upya. Mpangilio huanza kwingine: je, printa imewashwa, ina karatasi na tona, na inaonyesha ujumbe gani? Je, watu wengine wanachapisha? Je, kazi iliyokwama kwenye foleni inazuia nyingine? Je, kompyuta imechagua printa sahihi? Mara nyingi jibu hupatikana hapa, bila kugusa programu yoyote.

Maswali ya umeme nayo yana uzito. Mkoa wa Katavi kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea majenereta. Umeme unaokatika na kurudi ghafla huweza kuharibu faili zilizokuwa wazi, diski na kifaa cha umeme ndani ya kompyuta. Msailiwa anapoulizwa kazi ya UPS anatakiwa kueleza kwamba haikusudiwi kuendesha ofisi kutwa nzima, bali kutoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Printa kubwa ya leza haiunganishwi kwenye UPS ndogo, kwa kuwa huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Kuzungumza na mtumiaji

Mwaka wa fedha wa serikali huishia tarehe 30 Juni. Jopo linaweza kuuliza: mhasibu anapiga simu jioni ya siku hiyo akiwa amekasirika, mfumo wa malipo haufunguki, afanyiwe nini? Jibu linaloanza na seva limeruka hatua. Kwanza mhasibu husikilizwa bila kukatizwa, huambiwa kwamba tatizo lake limeeleweka, na huulizwa ni malipo gani hayawezi kusubiri. Ndipo uchunguzi huanza, naye huelezwa kinachofanyika na wakati atakapopigiwa tena. Ahadi ya muda hutolewa ikiwa tu itatimizwa.

Lugha ya kitaalamu hupunguzwa. Kumwambia mtu mzima "umebonyeza vibaya" humfunga mdomo, na siku nyingine ataficha kosa mpaka liwe kubwa. Kumwambia "tujaribu pamoja, nisomee kilichoandikwa kwenye skrini" humfanya awe msaidizi wa uchunguzi.

Swali lisilojulikana jibu nalo ni kipimo. Katika kazi ya msaada, mtu anayebuni jibu huweza kupoteza data za ofisi nzima. Msailiwa hukiri kwamba hajakutana na tatizo hilo, kisha hueleza angeanzia wapi kulichunguza na angemuuliza nani.

Usalama na sheria

Mtaalamu wa msaada hushika nywila, kumbukumbu za wagonjwa na mishahara ya watu. Kwa hiyo maswali ya uaminifu hayakosekani. Mfano wa kawaida ni mtu anayejitambulisha kwa simu kuwa mkubwa wa ofisi na kutaka nywila yake ibadilishwe mara moja. Jibu sahihi ni kuthibitisha kwanza kwamba ndiye, kwa utaratibu wa ofisi, hata kama atakasirika. Kompyuta inayoshukiwa kuwa na virusi hutenganishwa kwanza na mtandao, kisha taarifa hutolewa.

Sheria zinazofaa kusomwa kabla ya usaili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Kukariri vifungu hakuhitajiki. Kinachohitajika ni kujua kila sheria inalinda nini.

Kujiandaa penye vifaa vichache

Mwombaji aliye mbali na vyuo vikubwa anaweza kujiandaa kwa alichonacho. Kompyuta moja ya zamani inatosha kwa kujizoeza kufungua kasha, kutoa na kurudisha kumbukumbu ya RAM, kusafisha vumbi na kuweka mfumo endeshi. Mifumo endeshi ya Linux, kama Ubuntu, hupatikana bila malipo. Kwa simu inayogawa mtandao na kompyuta mbili mtu anaweza kujizoeza anwani za IP na amri za ping na ipconfig. Maelezo ya mtandaoni hupakuliwa kwa wingi siku moja yenye mtandao mzuri, yakasomwa baadaye.

Kujitolea kwenye shule, zahanati, ofisi ya kata au duka la kuchapisha humpa mwombaji kitu ambacho kitabu hakitoi, yaani watu halisi wenye matatizo halisi. Daftari la matatizo lenye safu nne, yaani tarehe, tatizo, chanzo na suluhisho, huwa hazina ya mifano ya kutumia katika mahojiano. Jopo likiuliza "eleza tatizo gumu ulilowahi kulitatua", mwenye daftari hukumbuka hali ilivyokuwa, alichofanya na matokeo yake.

Zoezi jingine halihitaji kompyuta kabisa. Mwombaji humweleza ndugu asiyejua kompyuta maana ya DNS au nakala rudufu. Ndugu akiweza kuirudia maana hiyo kwa maneno yake, maelezo yamefaulu.

Siku ya usaili na baada yake

Wasailiwa hujigharamia usafiri, chakula na malazi. Kwa miaka ya karibuni usaili wa taasisi nyingi umefanyika Dodoma, na baadhi ya mitihani katika vituo vya mikoani. Anayetoka Inyonga kwenda Dodoma husafiri umbali mrefu kupitia Tabora, na usaili ukipangwa saa 1:00 asubuhi, kufika siku hiyohiyo hakuwezekani. Nauli na malazi hupangwa mapema, na vyeti husafirishwa kwenye mfuko usiopitisha maji unaobaki mkononi mwa mwenyewe, si kwenye buti la basi.

Kwenye chumba cha mahojiano msailiwa huvaa nguo nadhifu, husalimu, husubiri kuketishwa, na hujibu kwa kumtazama aliyeuliza. Asiposikia swali huomba lirudiwe. Mwishoni jopo likimruhusu kuuliza, swali linalofaa ni kuhusu kazi, kwa mfano ofisi ina watumiaji wangapi au ina vituo vingapi vilivyo mbali.

Waliofaulu kuliko wengine hupangiwa vituo. Baadhi ya waliofaulu lakini nafasi zikawa zimejaa huhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na huweza kupangiwa kazi nafasi nyingine zinapotokea. Aliyekosa hunufaika akiandika maswali yote siku hiyohiyo, kabla hayajasahaulika, na kuyatafutia majibu. Maswali ya misingi hubadilika polepole, na daftari hilo humwandaa kwa usaili unaofuata, wake au wa jirani yake.